Kofia mbili na nusu: siku 60 za kusikiliza vitabu kwa kasi

Kabla ya kuanza

Kisa chote kimeanza na wifi yangu. Yeye haandiki ujumbe. Anatuma sauti, na sauti yake fupi kabisa ni dakika nne. Tangu WhatsApp ilipotia kitufe cha kuzidisha kasi mara 1.5 na 2 mwaka 2021, mimi humsikiliza kwa 2, na sijamwambia. Siku moja nimemsikiliza hadi mwisho, nikamjibu yote aliyouliza, bei ya mchele na jina la fundi wa pampu yakiwemo, ndipo nikajiuliza: ikiwa wifi namfahamu kwa mbio hizi, vile vitabu vya Kiingereza vilivyolala kwenye simu yangu tangu mwaka jana vinangoja nini?

Mimi nashona kofia, Wete, Pemba. Za mkono, za vitobo. Anayeijua kazi hii anajua kwamba macho na vidole havipati nafasi ya kitu chengine, lakini masikio yamekaa bure. Miaka yote yalikuwa ya redio. Nimeyapangia siku 60 za vitabu, na siku yenye jambo naandika humu: kasi gani, nimefahamu nini, kofia imefika wapi. Kwenye jalada la daftari nimeandika lengo: vitabu kumi, kofia tatu.

Siku ya 1

Vifaa: simu yenye ufa, hedifoni ya waya (sikio moja tu, la pili liko wazi kwa ajili ya mtoto na mlango), programu ya VLC, na vitabu vya LibriVox. Hawa wameanza mwaka 2005. Ni watu wa kujitolea wanaosoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, na kuvichukua ni bure. Nimechukua faili za kilobiti 64 kwa sekunde. Saa moja ni kama MB 29, kwa hiyo kitabu cha saa nane ni MB 230 hivi. Jirani yangu ameniuliza kama kukimbiza sauti kunakula bando zaidi. Hakuli. Faili ni lile lile, unalimaliza mapema tu.

Hesabu nimeifanya nyuma ya risiti ya duka. Kitabu cha saa 10 ukikipeleka kwa 1.25 unakimaliza kwa saa 8, umeokoa saa mbili nzima. Ukipanda 1.5 kinakuwa saa 6 na dakika 40, maana yake umeongeza saa 1 na dakika 20 juu ya zile mbili. Kutoka 1.5 kwenda 1.75 unapata dakika 57. Kutoka 1.75 kwenda 2, dakika 43. Kila unapopanda ngazi ujira unapungua na sikio linazidi kutoka jasho. Risiti ile ninayo mpaka leo, na bado ilibidi nipoteze wiki mbili nzima kuhakikisha mwenyewe.

Siku ya 3

1.25. Hakuna la kuandika. Dakika tano za mwanzo niliona msomaji ana haraka, baadaye nikamsahau. Vitobo viko sawa.

Siku ya 6

1.5, na hapa pana jambo.

Kitobo kizuri ni duara. Natoboa bafta kwa ncha ya sindano nene, nazungusha uzi ukingoni mwa tundu, kila mzunguko ukigusana na mwenziwe, halafu nakaza kidogo, kidogo tu, tundu libaki wazi kama jicho la dagaa. Ukikaza kwa pupa upande mmoja linavutika. Leo nimeshona safu ya vitobo 22 huku nasikiliza kwa 1.5, na nilipoinyanyua kofia dirishani nimekuta 13 vimekuwa mayai. Mkono ulikuwa unamfuata msomaji. Akiharakisha sentensi nami naharakisha uzi, bila ya kujijua.

Kufumua vitobo vitano tu kumenichukua muda mrefu kuliko ule niliouokoa kwenye kitabu. Mwisho nimechoka, vinane nimeviacha kama vilivyo.

Siku ya 7

Nimejaribu kurudi 1.0 nipumzike. Haiwezekani! Msomaji yule yule wa siku ya kwanza sasa anasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa njia ya kwenda Konde. Sikio limeshazoea mbio kwa siku moja tu. Jambo hili linanitia wasiwasi kidogo, kwa sababu wifi alipopita jioni amenilalamikia kwamba namkatisha maneno, namalizia sentensi zake kabla hajafika. Nimemwambia samahani. Sababu sikumwambia.

Siku ya 9

Kitabu changu cha kwanza, cha mambo ya safari za baharini, kimesomwa na watu saba, kila mmoja na sura zake. Ndivyo wanavyofanya LibriVox kwa vitabu vingi. Sura ya tatu ni bibi mmoja anayesoma kama anahesabu pesa za kikoba. Sura ya nne kijana, anakwenda kama mpiga debe. Kasi kwenye simu haijaguswa, 1.5 kote, lakini sura ya tatu nimeielewa yote na sura ya nne imepita kama upepo.

Basi nimeamua kupima. Maandishi ya kitabu yapo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, ndiyo hayo wasomaji wanayoyatumia mara nyingi. Nimeweka saa ya dakika moja kwa kasi ya 1.0, nikahesabu maneno kwa penseli. Bibi: 131. Kijana: 174. Zidisha kwa moja na nusu: bibi anakuwa 196, kijana 261.

Hapo nimekaa kimya kidogo. Mtafiti wa Ubelgiji, Marc Brysbaert, mwaka 2019 alikusanya tafiti nyingi za usomaji wa Kiingereza na akapata kwamba mtu mzima anasoma kimya kimya wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa maandishi yasiyo ya hadithi, na kwa sauti 183. Hao ni wenye lugha yao, na kitabu kiko mbele ya macho. Mimi wa Kiingereza cha skuli, sindano mkononi, nataka maneno 261 yaingie kwa sikio moja. Kumbe haikuwa kwamba mimi mzito.

Tangu leo kwenye daftari siandiki "1.5" peke yake. Naandika maneno kwa dakika. Namba ya kwenye simu inakwambia umemzidishia msomaji mara ngapi. Yeye mwenyewe alianza na mwendo gani haikwambii.

Siku ya 16

Kitabu cha pili, msomaji mmoja mwanzo hadi mwisho, saa 8 kamili. Nimekigawa katikati. Nusu ya kwanza kwa 1.75, nusu ya pili kwa 1.4, na saa ya ukutani imeandika kila kitu: kurudi nyuma, kusimama, kuweka sindano chini, kuchukua simu, kubonyeza.

Nusu ya kwanza, dakika 240 za kurekodiwa, kwa 1.75 ilitakiwa iishe kwa dakika 137. Imeisha kwa 181. Nimebonyeza kile kitufe cha kurudi sekunde 10 mara 97, na sura mbili nimezirudia nzima kwa kuwa nilifika mwisho sijui nani amekufa. Nusu ya pili kwa 1.4 ilitakiwa dakika 171; imechukua 178, na kitufe nimekibonyeza mara 31.

Ukigawa dakika za kitabu kwa dakika za ukutani unapata kasi yenyewe ya kweli. Nusu ya mbio: 1.33. Nusu ya pole: 1.35. Yule niliyemfukuza ameshindwa, kwa uchache lakini ameshindwa, na juu yake kichwa kimeniuma mpaka magharibi.

Kitabu kimoja si ushahidi wa kupeleka mahakamani. Pengine nusu ya kwanza ya kitabu huwa ngumu kwa sababu majina bado mageni. Lakini 1.75 nimeiacha.

Siku ya 19

Leo Kiswahili. Ami yangu wa Chake Chake, mwalimu mstaafu, amerekodi ngano za marehemu mama yake kwa ajili ya wajukuu walioko Dar es Salaam na Muscat. Faili 14, kwenye simu, na majogoo nyuma. Nimesema moyoni: lugha yangu, sauti ya ami yangu, hapa hata 2 naweza.

Ngano ya nne ni ya mvuvi aliyeoa mke asiyejulikana kwao. Kwa 1.75 nimesikia hivi: alipofika nyumbani akamkuta. Vizuri, nikaendelea na uzi. Dakika mbili mbele kijiji kizima kiko kisimani na mienge kinamtafuta huyo mke! Nimerudi nyuma. Akamkuta. Nimerudi tena. Akamkuta. Nimeshusha mpaka 1.0, na ami anasema, taratibu kabisa: alipofika nyumbani *hakumkuta*.

Nimemwita mume wangu nikampa hedifoni, sikumwambia kitu. Mara tano kwa 1.75: mara tatu kasema "akamkuta", mara mbili kasema "hakumkuta", na mara zote tano hakuwa na shaka.

Nimelifikiria hili siku nzima. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hakum-KU-ta, akam-KU-ta: mkia ni mmoja. Kinachotenganisha aliyepatikana na aliyepotea kiko mbele, kwenye silabi mbili zisizo na mkazo, na hizo ndizo anazozimeza mtu anapokimbia. Nyakati zetu zote zimekaa hapo hapo. Alikuja, anakuja, atakuja: silabi moja ndogo katikati, imebanwa pande zote. Mwingereza kukanusha anaweka neno zima mbele yako, na likikupita bado una maneno mengine ya kukushika mkono. Sisi tumefunga kila kitu kwenye furushi moja. "Hawakutuambia" ni neno moja lenye silabi saba. Kiingereza kinahitaji maneno matano kulisema.

Kwa hiyo kipimo changu cha maneno kwa dakika hakifai kitu kwa ami. Kwake nimeanza kuhesabu silabi, nikachoka kwenye sentensi ya tatu, nikaamua tu kwamba ngano za ami mwisho ni 1.2.

Siku ya 24

Mwanangu wa miaka tisa karudi chuo cha Qur'ani akanikuta nasikiliza, akaniuliza kwa nini mtu wa kwenye simu anakwenda mbio. Nimemweleza. Akanambia, kwa sauti ile ile ya mwalimu wake, kwamba hata kisomo kina mwendo wa namna tatu, tahqiq, tadwir na hadr, na hadr ndiyo ya haraka, lakini ndani ya hadr kila herufi lazima ipate haki yake, na madda, yaani ule mvuto wa irabu, haiwi fupi kwa sababu wewe una njaa.

Nimemuuliza, mwenye hadr anapunguza nini basi, ikiwa herufi zote zipo? Akafikiri. Akasema anapunguza kila kitu kwa kiasi chake, lakini ni *yeye* anayepunguza.

Hilo ndilo, mwanangu kalisema bila ya kujua. Mtu anayesoma haraka kwa ulimi wake anajua pa kubana na pa kuachia. Neno zito analipa nafasi, neno jepesi analipita. Simu haijui. Inabana "hakumkuta" sawasawa na inavyobana "basi" na "eti". (Rekodi za Qur'ani sijazigusa na sina nia ya kuzigusa, wasije watu kuniuliza.)

Siku ya 29 hadi 33

Karafuu. Tumekwenda shamba kwa mamkwe, upande wa Mtambwe, na kofia nimeiacha nyumbani. Mchana watu wanachuma, jioni tumekaa wote kwenye jamvi kuchambua: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Kazi hii nayo ni ya vidole, masikio yako wazi, na hapa masikio yalikuwa kumi na mawili kwa kuwa tulikuwa sita. Nimetoa hedifoni, nimeweka ngano za ami kwa sauti, na kwa mazoea simu ikaanza na 1.4.

Mamkwe akachambua kidogo, akasimama. "Mwanangu, huyu anafukuzwa na nani?"

Watu wamecheka mpaka kikapu kikapinduka. Nimeshusha 1.0.

Akaanza kutuhadithia santuri. Nyumbani kwao ilikuwepo gramafoni, na sahani za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Yeye na nduguze, mkubwa akiondoka, walikuwa wanaisukuma sahani kwa kidole izunguke mbio, na sauti ya Bi Siti inakuwa nyembamba kama ya kinda. Ameuliza: mbona huyu ami yako anakimbia lakini sauti yake haijawa nyembamba?

Swali zuri, na nimelijibu vidole vikinata utomvu. Santuri ukiizungusha mbio, mawimbi ya sauti yote yanakazana, na mawimbi yakikazana sauti inapanda. Ukiizungusha mara mbili, inapanda oktava nzima. Kanda nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1954 Grant Fairbanks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza mashine yao ya kanda iliyokuwa inachukua vipande vifupi vya sauti, inaruka kidogo, inachukua vyengine, na kuviunga. Sauti inabaki nene vile vile, muda ndio unapungua. Simu inafanya kazi hiyo kwa hesabu: inaikata sauti vipande vya sehemu chache za mia za sekunde na kuvipandanisha pale mawimbi yanapolingana, kama ninavyolinganisha ua la kofia pale ukanda unapokutana. Irabu ndefu inastahamili kukatwa, kwa sababu kipande kimoja cha "aaa" kinafanana na mwenziwe. Lakini "t" au "k" ni mlipuko mfupi, hauna mwenziwe. Ukipunjwa hapo ndiyo umepunjwa.

Mamkwe akasema, "Ndiyo maana." Sikujua anakusudia nini, akarudi kwenye makonyo.

Jambo la pili la shamba ni dogo lakini ndilo lililonibadilisha. Siku ya 31, wengine wamelala, nimebaki peke yangu na kitabu cha Kiingereza. Vidole vyeusi, vinanata, siwezi kugusa simu. Maana yake siwezi kurudi nyuma hata mara moja. Kabla ya kuanza imenibidi nijiulize kwa dhati: ni kasi gani ambayo kwayo sitahitaji kitufe? Nimeweka 1.2, nimechambua vibaba kadhaa, nimesikiliza saa moja na nusu moja kwa moja, na nakumbuka kila kitu, pamoja na rangi ya shela ya mama aliyetajwa mara moja tu.

Siku ya 36

Boti ya asubuhi kutoka Mkoani kwenda Unguja, kofia ya kwanza imekwisha, iko mfukoni inapelekwa kwa mwenye duka Darajani. Injini inanguruma chini ya miguu. Nimekaa nyuma, na hata 1.2 ya mezani kwangu hapa haifai: konsonanti zote zimemezwa na injini, zimebaki irabu zinaelea. Nimeshuka hadi 1.0, nikapandisha sauti, nikaona naumiza sikio bure. Nimezima nikalala.

Siku ya 37

Michenzani, kwa ndugu yetu upande wa mama. Haoni tangu mdogo. Simu yake inasoma skrini kwa TalkBack, na sauti aliyoichagua ni ya eSpeak, ile kavu isiyo na uhai, ambayo Kiswahili pia inakijua. Amenipa sikio moja. Wallahi nimesikia cherehani. Trrrrrr, kimya, trrrr. Yeye huku anajibu ujumbe na kucheka.

Nimemuuliza kwa nini asichague sauti nzuri zaidi, zipo. Amesema nzuri zinavurugika zikikimbia, hii haivurugiki, kwa sababu kila mara inalitamka neno vile vile, haina furaha wala mafua. Ukishaijua unaitambua kama mwendo wa mtu wa nyumbani barazani. Hakuanza hivyo, alipanda kidogo kidogo, kwa miaka.

Na yeye ndiye aliyeniambia kwamba vitabu vya kusikiliza vilianza na wao. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kutoa vitabu kwenye santuri kwa wasioona mwaka 1934, na Uingereza ikafuata 1935. Sahani za Marekani zilizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ili zichukue maneno mengi, wakati miziki ya madukani bado iko kwenye 78. Sahani za muziki za mwendo huo zilikuja kuenea baada ya 1948. Nimemwambia mamkwe atafurahi kusikia.

Nilitaka anitajie siri. Hana. Amesema tofauti yetu ni kwamba yeye anasikiliza menyu, majina, ujumbe, vitu anavyovijua nusu yake kabla havijatamkwa. Kitabu cha hadithi anakishusha. Nimemuuliza mpaka ngapi. "Inategemea naipenda kiasi gani."

Mwenye duka ameikagua kofia kwenye mwanga, ameona vile vitobo vinane vya siku ya 6, ameikataa. Hakusema neno baya. Amenionyesha kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja.

Siku ya 38 hadi 46

Mtoto mdogo homa. Hakuna kitabu, hakuna kofia.

Siku ya 48

Mume wangu amejitolea kuwa mtahini. Vitabu nilivyomaliza, kila kimoja amenitaka nimhadithie kwa dakika kumi huku anakula, na ameruhusiwa kuuliza.

Nusu ile ya 1.75: kisa ninacho, nani kafanya nini ninacho, lakini sentensi hata moja sina. Aliponiuliza mwandishi anaandikaje, nimekosa la kusema. Nimesema "vizuri". Nusu ya pili, ya 1.4: kisa ninacho, na vichekesho viwili. Cha 1.2, kile cha jamvini: nimemsomea karibu aya nzima, kwa Kiingereza, na yeye ameacha kutafuna. Cha mwisho ni kitabu cha historia ya biashara ya baharini nilichokipeleka kwa 1.6 na kukifahamu bila ya tabu, na hapo tumebishana. Yeye anasema historia ni ngumu kuliko hadithi, iweje? Nami nasema sehemu kubwa ya kitabu kile nilikuwa naijua tayari. Dhau, pepo za kaskazi na kusi, pembe na karafuu. Mwandishi alikuwa ananikumbusha tu. Kama ndugu yetu wa Michenzani na menyu yake. Na kama wifi.

Siku ya 53

Nimepata programu nyengine yenye kitu cha kuruka ukimya: pasipo na sauti inaparuka. Kwa yule bibi wa pesa za kikoba ni neema kubwa, dakika 20 zimekuwa 16 na maneno yake hayakuguswa hata moja. Hii naipendekeza kwa mtu yeyote mwenye msomaji mzito, kabla hajagusa kasi.

Kisha nikaiweka kwa ngano za ami. Ami husema "Paukwa!", halafu anangoja. Amerekodi peke yake chumbani lakini anangoja vile vile, kwa sababu wajukuu Muscat watajibu "Pakawa!" mbele ya simu, naye kawaachia nafasi yao. Programu imeila nafasi ile. Ami anasema Paukwa na papo hapo yuko katikati ya hadithi, kama mtu aliyebisha hodi akajikaribisha mwenyewe. Nimeizima.

Siku ya 60

Vitabu: vitano, si kumi. Kofia: mbili na nusu, na moja kati ya hizo imekataliwa. Hesabu iliyobandikwa ukutani sasa ni hii: ngano na hadithi 1.2, kitabu cha jambo ninalolijua 1.6 na nisione haya. Msomaji mzito nimpunguzie ukimya kwanza. Ndani ya boti nisisikilize lolote. Na wakati wa vitobo vya ua la katikati hedifoni inatoka sikioni, ua lile linataka mtu mzima.

Ami amesikia habari ya "akamkuta" na hakucheka. Amesema atairekodi upya ngano ya nne, aseme "hakumkuta mtu". Nimemwambia asibadilishe, kosa ni la kitufe changu. Amesema neno la ziada halina gharama, na mama yake mwenyewe wakati mwengine akisema hivyo.

Wifi ametuma sauti ya dakika tisa asubuhi hii kuhusu harusi ya mwezi ujao. Nimeisikiliza kwa 1.5, nikafika pale aliposema siku ya kupeleka mahari imebadilishwa, au haijabadilishwa. Nimeirudisha nyuma nikaishusha.

Kofia yenye mayai manane kaichukua ami. Ijumaa iliyopita kaivaa msikitini, upande wenye vitobo vibovu kauweka nyuma.